Uzinduzi wa Diski Arobaini za Kuamsha Kompyuta, Kafr Abu Rumman

(Nimeamriwa niandike kila neno la Mheshimiwa, pamoja na makofi, na nisiache kitu. Basi siachi. Mimi ni Fawziyya, karani wa Shule ya Sekondari ya Biashara ya Wasichana. Leo ni siku ya mtihani wa vitendo wa kompyuta. Watahini wawili wamekuja kutoka makao makuu ya mkoa, wako chumba cha kompyuta ghorofa ya pili, na ikiadhiniwa adhuhuri wanafunga majalada yao na kuondoka. Msichana ambaye hajakaa mbele ya mashine kufikia hapo anaandikiwa sifuri, na cheti cha biashara hapati mwaka huu. Wasichana wetu ni thelathini na mmoja. Wote wamepangwa uani, juani, kwa sababu Mheshimiwa ameagiza kwamba hakuna mtihani kabla ya uzinduzi. Ameanza saa nne na dakika tano. Kurasa alizoshika nimezihesabu, ni kumi na tisa.)

Mheshimiwa Gavana, ambaye hakuweza kufika. Mheshimiwa Naibu Gavana, ambaye naye hakuweza kufika. Bwana Mwakilishi wa Naibu Gavana, ambaye yuko njiani tangu jana. Waheshimiwa wakurugenzi, makaimu wakurugenzi na wanaokaimu nafasi za makaimu. Mwalimu Mkuu wa shule hii tukufu. Walimu, wazazi, watahini walioko huko juu ambao natumaini sauti yangu inawafikia. Mabinti zetu wapendwa, taifa la kesho. Na mimi mwenyewe, Mhandisi Talaat Abdel-Gawad Shalash, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Uamshaji wa Kompyuta, Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Diski, na Katibu wa kamati inayoisimamia Kamati hiyo: itifaki yote imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa izingatiwe kuanzia sasa.

(Makofi. Mheshimiwa ni mhandisi wa kilimo, alisomea umwagiliaji, lakini hilo hakulitaja.)

Ndugu zangu, leo ni siku ambayo wajukuu zetu wataulizana, ilikuwaje? Ilikuwa hivi. Mwezi wa kumi mwaka jana, kompyuta kumi na mbili za shule hii zilishikwa na kirusi kilichoingia bila kibali chochote kutoka ofisi yangu, zikafutika mfumo endeshi wote, zikawa zinaonyesha kioo cheusi chenye mstari mmoja mweupe unaokonyeza jicho. Wapo waliosema zimekufa. Sisi katika Idara hatutumii neno hilo. Tuliunda kikosi kazi, kikosi kazi kikaunda timu ya wataalamu, timu ya wataalamu ikaunda rasimu ya mpango mkakati shirikishi, jumuishi na endelevu, na rasimu hiyo, baada ya kupita katika ngazi saba za uidhinishaji, ikabaini kwamba kompyuta hizo hazijafa bali zimelala, na kwamba kinachotakiwa ni diski ya kuziamsha.

(Makofi ya Mwalimu Mkuu peke yake. Hapa Inshirah, mwalimu wetu wa kompyuta ambaye sote humwita Abla, yaani mwalimu wa kike, aliinua mkono. Hakuitwa. Akasimama hivyo hivyo akamwambia kwamba watahini hawakai baada ya adhuhuri, na kwamba wasichana hawa wakiandikiwa sifuri hakuna kamati itakayoifuta.)

Nimekusikia, Abla. Kaa. Kila jambo na wakati wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mgeni amekuja, na mwenyeji anataka kukimbilia ghorofani.

(Kicheko cha Ustadh Wagdi, Mkuu wa Kitengo cha Kuchoma Diski, yaani kuziandika kwa mashine, aliyekuja na Mheshimiwa katika gari moja. Abla Inshirah hakukaa. Alirudi nyuma ya safu ya mwisho akawagusa mabega wasichana watano. Wakatoka mmoja mmoja kupitia mlango wa jikoni.)

Nikiendelea. Diski hizi, ndugu zangu, ni arobaini. Mnaweza kuziona hapo mezani, juu ya kitambaa cha kijani. Nitatoa takwimu, na naomba waandishi wa habari, watakapofika, wazinukuu kama zilivyo. Diski arobaini zilijaribiwa katika shule hii mwezi wa pili. Kati ya hizo arobaini, zilizoingia kwenye mashine bila kukwama ni arobaini, sawa na asilimia mia moja. Zilizotoka salama ni arobaini, sawa na asilimia mia moja nyingine. Jumla ya mafanikio ni asilimia mia mbili. Katikati ya kuingia na kutoka ndipo penye changamoto ndogo, kwamba kompyuta haikuamka, na mimi si mtu wa kuficha changamoto. Ndiyo maana nimeipa ukurasa mzima.

(Ukurasa huo aliusoma kwa dakika ishirini. Zilikuwa tarakimu tupu, na aliniagiza nisiziandike mpaka zihakikiwe. Mkono wangu ulishukuru. Katika muda huo wale watano walirudi, wakatoka wengine watano.)

Sasa, niseme ukweli mbele ya mashahidi. Abla Inshirah alituandikia barua. Hakuandika moja, aliandika nne. Nimekuja nazo, kwa sababu serikali sikivu haitupi barua, inaziweka. Katika barua ya kwanza alisema, nanukuu, tafadhali hakikisheni kwanza kwamba ule mfumo endeshi umeandikwa kama nakala kamili ya diski, si kuchukua faili lake na kulitupia ndani kama lilivyo, kwa sababu hapo kompyuta inaona faili tu wala haioni pa kuanzia, ni sawa na kutia kitabu cha mapishi ndani ya sufuria halafu kungoja chakula kiive. Mwisho wa kunukuu. Ndugu zangu, mimi nina mke, nina mabinti wawili, na nyumbani kwangu hakuna anayepika vitabu. Kamati ilikaa siku tatu na kuamua kwamba lugha ya barua haikuwa ya kiofisi.

(Kicheko kidogo. Kwa kumbukumbu tu: Abla alituonyesha jambo hilo, walimu na mimi, chumba cha mapumziko tukila naye bajia za taamiya, na hata mimi, ambaye kompyuta naijua kwa kuipangusa vumbi, nilielewa mara moja.)

Barua ya pili ilizungumzia kasi. Alidai diski zichomwe polepole, kwa kasi ndogo kabisa ambayo mashine inaruhusu, eti zikichomwa kwa haraka maandishi yanatoka dhaifu, na mashine zetu kuukuu zinashindwa kuyasoma. Sasa nawauliza, hii ndiyo karne gani? Nchi inakimbia, Gavana anakimbia, mimi mwenyewe asubuhi hii nimekimbia, halafu Idara ya Uamshaji iambiwe itembee? Nilitoa waraka namba kumi na nne: diski zote za mkoa huu zichomwe kwa kasi ya juu kuliko zote iliyoandikwa kwenye kasha, na ikiwezekana ipitwe. Naona baadhi ya wazazi wanatikisa kichwa kwa kustaajabu. Ndiyo. Tulithubutu.

(Walitikisa kichwa. Kama ni kwa kustaajabu, sijui. Saa tano kasoro dakika tano. Watano wengine wametoka.)

Barua ya tatu, mtanisamehe, ilinitia uchungu. Iligusa muhuri.

(Hapa Mheshimiwa alikunywa maji. Msichana aliyesimama kuliani kwake na shada la maua alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Huyo ni Rabab. Itifaki inataka mtoa maua awe mwanafunzi bora, na asimame kando ya mgeni rasmi tangu mwanzo wa hotuba mpaka mwisho. Yeye ndiye wa kwanza darasani, na baba yake, fundi wa viatu wa sokoni, amekaa hapa mbele na kanzu iliyopigwa pasi. Wenzake wanaweza kuchomoka. Yeye yuko mbele ya macho ya watu wote.)

Mnajua wote kwamba karatasi isiyo na muhuri wa tai, ndege wa Jamhuri, haina baba wala mama. Cheti cha kuzaliwa, hati ya ndoa, kibali cha kuchinja, vyote vinangoja tai. Je, diski ya serikali itembee uchi? Haiwezekani. Lakini tulipozifungua diski tukakuta upande wa juu umechapwa jina la kiwanda, namba za simu za kiwanda, na picha ya fataki. Na kanuni iko wazi, tai wa Jamhuri hakai juu ya tangazo la mfanyabiashara. Kamati ilikaa mpaka saa tisa alasiri, siku ya Alhamisi, kesho yake ni mapumziko, jambo ambalo halijawahi kutokea. Hatimaye mwanachama mmoja akageuza diski, na nyuma yake ndugu zangu, upande ule unaong'aa, hapakuwa na tangazo hata moja! Ni peupe. Ni safi. Ni kana kwamba kiwanda kilituachia nafasi kwa adabu. Basi tukapiga muhuri hapo, wino wa zambarau, katikati ya mng'ao, mara mbili kwa kila diski, mara moja wa idara na mara moja wa kamati.

(Makofi. Ustadh Wagdi alisimama kupiga makofi.)

Halafu Abla anaandika kwamba upande huo ndio mashine inaoupigia mwanga, na kwamba wino unaziba. Anasema, nanukuu, hata alama ya kidole inasumbua, sembuse tai wawili. Sembuse! Nilimwita ofisini. Nikampa chai. Nikamwambia, binti yangu, kama mashine inashindwa kumtambua tai wa Jamhuri, tatizo ni la mashine. Akanijibu kwa sauti ya chini kabisa kwamba yeye hana ugomvi na tai, ana wasichana thelathini na mmoja. Nikamwambia mimi nina mkoa mzima.

(Hakuna makofi. Baba yake Rabab alitazama saa. Saa tano na robo. Kundi la nne limerudi, la tano limetoka. Kutoka dirisha la juu nilisikia ule mlio mfupi ambao mashine hutoa ikiamka. Mheshimiwa hakuusikia kwa sababu kipaza sauti kilikuwa karibu na mdomo wake.)

Naona safu za nyuma zina nafasi. Wasichana wameenda kunywa maji, na mimi sina kinyongo. Jua ni kali, na hotuba yenye uzito humfanya mtu aone kiu. Watarudi.

(Kwa kuwa nimeambiwa nisiache kitu, naandika. Hawakwenda kunywa maji. Abla Inshirah alichoma diski zake mwenyewe, tano, Ijumaa iliyopita, studio ya shemeji yake anayechoma video za harusi. Alichoma moja baada ya nyingine kwa kasi ndogo, shemeji akilalamika kwamba bibi harusi wa kijiji cha Mit Zaher anasubiri video yake. Aliziandikia jina upande wa juu kwa kalamu laini, akazishika kwa ukingo kama mtu anayeshika mkate uliotoka tanuri. Jumamosi akaingia kwenye mashine moja moja, akazipangia zitafute diski kwanza kabla ya kitu kingine, akapangusa jicho la kusomea diski kwa pamba na spiriti. Kati ya kumi na mbili, zimeamka tano. Saba zilizobaki, jicho lao limekufa kabisa. Hakuomba kibali kwa sababu kibali huchukua miezi miwili. Wasichana watano huingia, robo saa, wanatoka. Hesabu fanya mwenyewe.)

Barua ya nne ndiyo fupi. Ilisema mambo mawili. La kwanza, kwamba kila mashine ipangiwe itazame diski kwanza, isianze na tumbo lake lenyewe ambalo limefutika. Hili tulilikataa kwa sababu za kiusalama. Kompyuta ya serikali haiwezi kufundishwa kutafuta maelekezo nje kabla ya kujitazama ndani, leo itatafuta diski, kesho itatafuta nini? La pili, alituomba tugeuze diski juani tuangalie, kwamba diski iliyochomwa huonyesha duara lenye rangi nzito kidogo kuzunguka tundu la katikati, na isiyochomwa ina rangi moja tu. Tulifanya hivyo. Kamati nzima ilitoka kibarazani. Tuligeuza diski zote arobaini, na naona fahari kuwaambia kwamba hatukuona duara hata kwenye moja. Zote zilikuwa na rangi moja, kutoka katikati mpaka ukingoni, bila tofauti, bila upendeleo. Huo, ndugu zangu, ndio unaoitwa ubora wa viwango.

(Mwalimu wa hesabu aliinamisha uso kwenye leso. Nadhani alikuwa anakohoa.)

Wapo wanaosema maneno. Debe tupu haliachi kuvuma. Wanasema Idara haijaamsha kompyuta hata moja tangu iundwe. Mimi nawajibu kwa vitendo, wala si kwa maneno, na vitendo vyenyewe ni hivi vifuatavyo, ambavyo nitavieleza kwa maneno: tumeandaa semina nne za uelewa, warsha mbili za kutathmini semina, ziara moja ya mafunzo iliyofanyika ufukweni kwa sababu hewa ya bahari husaidia kufikiri, na kitabu cha mwongozo kiitwacho Nini cha Kufanya Diski Inapokataa, ambacho kina kurasa sitini za dibaji, na sura ya kwanza iko mbioni.

(Saa tano na nusu. Kundi la sita limetoka. Kundi hilo likimaliza wanakuwa thelathini. Rabab amebaki yeye na maua yake. Midomo yake inatikisika. Nilidhani anaomba dua, kumbe anajisomea hatua za mtihani.)

Na sasa nigusie dira. Ifikapo mwaka ujao, kila kijiji kitakuwa na diski. Ifikapo mwaka unaofuata, kila diski itakuwa na kamati. Tumelenga kufikia asilimia themanini na tano ya utayari wa kuamka, yaani kompyuta ambazo, ingawa hazijaamka, ziko tayari kisaikolojia. Nasoma ukurasa wa kumi na moja, aya ya pili...

(Hapa Abla Inshirah alishuka ngazi, akapita katikati ya uwanja wenye viti vitupu vingi vya wageni wasiofika, akasimama mbele ya jukwaa. Nilitazama saa: adhuhuri kasoro dakika ishirini na mbili. Hakupaza sauti. Kipaza sauti kiliyachukua maneno yake hata hivyo.)

"Bwana Mkurugenzi, nimebakiwa na mmoja. Niachie Rabab."

Abla, tuko katikati ya dira.

"Dira itangoja. Watahini hawangoji."

Binti wa maua haondoki mpaka nipokee maua. Maua yanapokelewa ukurasa wa kumi na tisa. Tuko wa kumi na moja. Mimi sikuandika itifaki, nimeikuta. Na hata hivyo anakwenda wapi? Mtihani utaanza nikishazindua diski. Bila diski hizi hakuna mashine itakayoamka, au siyo? Basi nikiendelea, aya ya pili...

(Abla alimgeukia Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu akatazama viatu vyake. Baba yake Rabab alisimama, akafungua mdomo, akakumbuka leseni ya kibanda chake inatoka ofisi hizi hizi za serikali, akakaa. Nilimwonea huruma mpaka kalamu ikasimama. Nilitaka kusema kitu mimi mwenyewe na sikusema, na hilo nalo naliandika.)

(Ndipo Rabab akageuka. Alimwekea Mheshimiwa lile shada mikononi, juu ya karatasi zake, kubwa lile, na maji yake yakimchuruzikia kwenye mikono ya koti.)

"Yapokee sasa, Mheshimiwa," alisema. "Mimi nimeshafika ukurasa wa kumi na tisa."

(Akashuka jukwaani. Alitembea kwa heshima zake zote mpaka mlangoni. Kutoka ngazi ya kwanza tulisikia viatu vinaruka ngazi mbili mbili, na Abla nyuma yake.)

Naam. Hiyo... hiyo ndiyo ari ya vijana. Tuwapigie makofi.

(Makofi, na haya yalikuwa ya kweli. Baba yake aliyapiga akiwa amesimama. Mwalimu Mkuu alikwenda kumpokea Mheshimiwa maua. Mheshimiwa alikataa, kwa kuwa maua ya kiserikali hayatoki mikononi kabla ya kupigwa picha, na mpiga picha wa Idara alikuwa kwenye gari la Mwakilishi wa Naibu Gavana, njiani. Akajaribu kufungua ukurasa kwa kidevu. Karatasi zilikuwa zimelowa, wino umetawanyika, kumi na moja imeshikana na kumi na tisa. Tukangoja.)

Basi nitasema kutoka moyoni. Sijazoea, lakini nitajaribu. Niliyobakiza ni shukrani tu. Kwanza namshukuru Mheshimiwa Gavana, aliyeuidhinisha mradi huu. Kwa usahihi zaidi aliidhinisha jina la mradi. Jina tunalo, zuri, limeandikwa kwenye kibao pale getini. Fungu la fedha lenyewe lilisemekana litafuata, na sisi tukaona tusikae bure, tuzindue.

(Mwalimu Mkuu alianza kupiga makofi, akaacha.)

Namshukuru mwenye duka la vifaa vya ofisi, jirani na msikiti, aliyetuuzia diski arobaini tupu. Alituuzia zikiwa tupu, kwa uaminifu, akatuambia ni tupu. Nasi tukazileta hapa kama zilivyo. Namshukuru pia Ustadh Wagdi, mkuu wa Kitengo cha Kuchoma, simama wakuone, Wagdi, ambaye ameongoza kitengo hicho miaka mitatu kwa uadilifu mkubwa bila mashine ya kuchomea. Maombi yake ya mashine yako mezani kwangu. Nakumbuka nilitoa waraka kuhusu kasi ya kuchoma. Nikiufikiria sasa, Wagdi alinijia siku ile akaniuliza, Mheshimiwa, tunachoma kwa kutumia nini? Nikamwambia asinivunje moyo.

(Ustadh Wagdi alikuwa amesimama, hajui kama akae.)

Namshukuru aliyepiga mihuri. Alipiga themanini kwa siku moja, mkono ukavimba. Nikitafakari bila karatasi, hiyo ndiyo kazi pekee iliyofanyika. Hapana, kulikuwa na ile ziara ya ufukweni. Nayo ilifanyika. Kile kitabu cha mwongozo... dibaji niliiandika mimi, ya kuhusu mifereji, nilikuwa nayo tangu chuoni.

(Jasho lilikuwa linamtoka na hana mkono wa kujifutia. Nilimsikia akivuta pumzi kwenye kipaza sauti.)

Tumalizie na kauli mbiu yetu. Mimi nitasema, Diski moja! Nanyi mtajibu, Mashine moja! Diski moja!

(Mwalimu Mkuu: Mashine moja.)

Kompyuta haifi!

(Ustadh Wagdi: Imelala. Alikuwa peke yake.)

Nimewaandalia kauli ya tatu lakini imelowa.

(Hapo adhana ya adhuhuri ikaanza kutoka msikiti wa sokoni. Mheshimiwa alitulia, sote tukatulia. Baba yake Rabab aliangalia juu, kwenye dirisha la ghorofa ya pili, wala hakupepesa. Adhana ilipofika mwisho, dirisha lilifunguliwa na Abla Inshirah akatoa kichwa. Alizungumza kama mtu anayetangaza chakula kiko tayari.)

"Rabab amemaliza, alama zimejazwa, watahini wametia saini. Wote thelathini na mmoja. Sasa endelea, Bwana Mkurugenzi, chukua muda wako."

(Nilidhani Mheshimiwa atakasirika. Alitazama ule uwanja, viti vitupu, diski arobaini zinazong'aa mezani. Akaniangalia mimi, akaangalia kalamu yangu, akaona kwamba nimeandika yote. Hakuniambia nifute. Akarudi kwenye kipaza sauti.)

Idara inapokea taarifa hiyo kwa furaha, na inapenda iingie kwenye kumbukumbu kwamba wasichana thelathini na mmoja wamefanya mtihani bila kuchelewa, bila kibali, na bila mchango wowote wa Idara. Nawashukuru kwa kunisikiliza, mliopo.

Na wewe Abla, kabla hujafunga dirisha. Gavana anakuja Jumatatu, anataka aone kompyuta moja ikiamka, moja tu, aipige picha. Ukiweza, binti yangu, nichomee diski moja kama zako. Na umtume mtu aje anionyeshe inaingizwaje.